Bushi 40 na bushi 39.5: kisa cha mzigo uliopotea jina kati ya Arusha na Moshi

Karakana moja ya uchongaji vyuma iliyoko Unga Limited, Arusha, ilipata oda ya vipuri kutoka kwa mteja wa Moshi mwenye vituo kadhaa vya kumenyea kahawa mbivu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Oda ilikuja wakati wa masika, kabla msimu haujaanza, kama inavyotakiwa. Vipuri vikachongwa, vikafungwa, vikapandishwa kwenye kosta, vikapokelewa na kusainiwa. Msimu ulipochanganya, kituo kimoja kikawa kinatoa kahawa iliyokatwakatwa, cha pili kikasimama kabisa, na mwenye karakana na mteja wake wakawa hawaelewani hata kwenye simu. Waliniomba wote wawili nipime vipuri na niseme nani kakosea.

Nilipima bushi zote (vipande vya bronzi vyenye tundu ambamo shafti, yaani mhimili wa mashine, huzungukia) zilizokuwa bado stoo, na zile zilizochomolewa kwenye mashine zikiwa hazijaharibika. Kila moja ilikuwa ndani ya kipimo kilichoagizwa. Fundi wa lathe, mashine ya kuchongea vyuma, alikuwa amefanya kazi safi, tena ya kujivunia. Hakuna bushi hata moja iliyochongwa vibaya, na bado vituo viwili vilikuwa vimeumia. Kisa hiki nakiandika kwa sababu hiyo. Tumezoea kudhani ubora unaishia kwenye maikromita, kwamba kipuri kikishatoka kwenye mashine na kipimo chake kimekubali, kilichobaki ni kukitia kwenye boksi. Mimi naona kipuri kisichojulikana ni kipi bado hakijakamilika kutengenezwa.

Mashine moja, bushi za aina mbili

Mashine ya kumenya kahawa ina ngoma inayozunguka karibu na bamba lililosimama mbele yake. Kahawa mbivu inapita katikati, inabanwa, ganda la nje linachomoka na mbegu zinatoka zikiwa nzima ndani ya ganda lake la pili. Kila kitu kinategemea ule mwanya kati ya ngoma na bamba. Ukiwa mpana, kahawa inapita bila kumenywa. Ukibana, mbegu zinakatwa. Shafti ya ngoma inazungukia ndani ya bushi za bronzi pande zote mbili, na bushi ndizo zinazoamua kama ngoma itazunguka palepale au itachezacheza.

Mteja huyu ana mashine za umri tofauti. Mpya kiasi zina shafti ya milimita 40. Za zamani shafti zake zililika, zikakerezwa upya kuondoa mikwaruzo, zikabaki na 39.5. Ni utaratibu wa kawaida kabisa na unaokoa fedha, maana kubadilisha bushi ni rahisi kuliko kubadilisha shafti nzima. Kwa hiyo oda ilikuwa na bushi 24 za tundu la 40, bushi 12 za tundu la 39.5, na pini kumi za chuma. Kwa nje bushi zote zilikuwa sawa kwa sababu nyumba zake, yaani mashimo zinamokaa kwenye mashine, zinafanana: kipenyo kilekile, urefu uleule, ukingo uleule, rangi ileile ya bronzi.

Nusu milimita haionekani kwa macho. Lakini kwa tundu la 40 linalochongwa kwa daraja la H7, kiwango cha usahihi wa matundu, nafasi ya kukosea inayoruhusiwa ni milimita 0.025 tu. Nusu milimita ni mara 20 ya nafasi hiyo. Vitu viwili ambavyo jicho linaviona ni kimoja, mashine inaviona ni vya mbali sana.

Jina lilipopotelea

Nilifuata mzigo hatua kwa hatua, kuanzia kwenye benchi. Fundi alichonga za 40 kwanza, akaziweka kwenye beseni. Akachonga za 39.5, akaziweka kwenye ndoo. Wakati huo utambulisho wote wa bushi ulikuwa ni chombo zilimokaa. Nilimuuliza angejuaje kama mtu angehamisha bushi moja kutoka ndoo kwenda beseni. Akasema asingejua mpaka apime. Jibu la kweli, na hatari ilianzia hapo, kabla hata boksi halijatafutwa.

Kijana wa kufunga mzigo alizifunga kila aina kivyake kwa karatasi za magazeti. Alikuwa na nia njema. Alikuwa pia na lebo, zile stika zinazotoka kwenye kiprinta kidogo cha dukani, na akabandika moja kwenye kila furushi na nyingine juu ya bushi zenyewe. Tatizo ni kwamba bushi zilikuwa bado na mafuta ya kukatia, na magazeti yalishalowa mafuta hayo. Gundi ya stika haishiki kwenye mafuta. Inaonekana imeshika kwa muda, halafu inaachia kimyakimya.

Na hata zingeshika, stika zenyewe zilikuwa za aina isiyofaa kwa kazi hii. Viprinta hivyo havitumii wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto, na kichwa cha kiprinta kinachoma maandishi juu yake. Ndiyo karatasi ya risiti. Inafaa kwa bei ya sukari dukani, haifai kwa kipuri kinachosafiri: jua linaifubaza, mafuta yanafuta maandishi, joto linaitia weusi wote. Ukitaka kujua kama stika yako ni ya aina hiyo, ikwaruze kwa ukucha. Ikiacha mstari mweusi, ni yenyewe. Lebo za viwandani zinachapwa kwa utepe wa wino, na utepe wa resini juu ya stika ya poliesta unavumilia mafuta na kusuguliwa kuliko ule wa nta juu ya karatasi.

Boksi likapanda kosta ya Moshi. Ni kama kilomita 80, safari fupi. Konda aliliweka mbele, karibu na dereva, juu ya mfuniko wa injini, mahali ambapo mizigo midogo huwekwa isipotee. Anayejua kosta anajua joto la pale. Nililiona boksi lenyewe stoo, halikuwa limetupwa. Chini yake magazeti yalikuwa yamegeuka uji wa mafuta, mafurushi yamefumuka, bushi zimelala pamoja zote 36, na kati ya stika zilizojikunja chini ya boksi niliweza kusoma moja tu. Nyingine zilikuwa kijivu mbele na nyuma.

Lakini mwenye kosa kubwa kuliko stika zote alikuwa ni hati ya mzigo. Iliandikwa: "Bushi pcs 36, pini pcs 10." Basi. Hakuna 40, hakuna 39.5, hakuna 24 wala 12. Oda ilikuwa imetolewa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, fundi akaisikiliza na kuandika vipimo kwa chaki ukutani, na aliyeandika hati alihesabu vyuma vilivyokuwa mbele yake.

Mtunza stoo wa Moshi alilaumiwa sana na bosi wake. Nilikaa naye, nikamuuliza, "Dada, ulipofungua boksi ulijuaje zipi ni zipi?"

Akanitolea hati. "Kaka, karatasi imeandika bushi. Nimehesabu bushi, zimetimia 36. Ningesaini nini kingine?"

Sina jibu la kumpinga. Alifanya kile ambacho karatasi ilimruhusu kufanya, na alikifanya sawasawa. Alizimimina zote kwenye kisanduku kimoja cha rafu kwa sababu kwa mujibu wa hati zilikuwa kitu kimoja.

Kilichotokea juu mlimani

Kituo cha kwanza kina mashine ya zamani, shafti 39.5. Kikapelekewa bushi za 40. Ziliingia kwa urahisi, na urahisi huo ndio uliowadanganya. Fundi alifurahi kwamba safari hii hakuna kugongana. Mashine ilipowaka, ngoma ikawa inacheza, mwanya unapanuka na kubana kila mzunguko. Mbegu zikaanza kukatwa. Mbegu iliyokatwa kabla ya kuchachushwa inaingiza maji machafu na vijidudu kwenye jeraha lake. Inatoka na doa jeusi, na kwenye kikombe inaleta harufu mbaya. Wakulima waliokuwa wameleta kahawa mbivu nzuri, iliyochumwa kwa kuchagua, hawakuwa na habari. Hasara ya namna hiyo haionekani siku ile. Inakuja kuonekana wakati wa kupanga madaraja na kwenye bei.

Kituo cha pili kina shafti ya 40 na kilipelekewa mchanganyiko. Upande mmoja bushi ikaingia, upande wa pili ikagoma. Fundi wa pale akafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya msimu ukiwa umepamba moto na foleni ya wakulima iko getini: akachukua tupa na msasa, akakwangua tundu mpaka shafti ikapita. Tundu lililokwanguliwa kwa mkono halibaki duara. Bushi ilishika moto siku hiyohiyo, ikakwama, ikaikwaruza shafti. Kwa hiyo shafti nzuri ya 40 sasa nayo inahitaji kukerezwa, itakuwa ya 39.5, na vituo vya kuchanganyiwa vimeongezeka kimoja.

Pini nazo zilikuwa na kisa chake. Bronzi haisumbuliwi na unyevu kama chuma. Pini zilifungwa kwa gazeti bila mafuta ya kutosha, zikashikwa kwa mikono yenye jasho, zikatoka kwenye ubaridi wa Arusha usiku na kufunguliwa kwenye joto la Moshi lenye unyevu wa masika. Chuma baridi kikikutana na hewa ya namna hiyo kinatoa jasho, na gazeti linalinyonya na kulishikilia palepale kwenye chuma. Zilikuwa na kutu ya alama za vidole, unaweza kuona kabisa mtu alizishika wapi.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakutumia mfuko wa plastiki. Akasema imekatazwa. Hofu hiyo nimeikuta kwenye karakana nyingi. Katazo lililoanza Juni 1, 2019 ni la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa nje ya katazo. Mfuko mnene wa kufungia vipuri, wenye kuzibwa mdomo, unaruhusiwa, na kwa chuma kilichochongwa ni kinga ambayo gazeti halitaiweza kamwe.

Nani alipe

Mteja alisema karakana imeleta saizi zisizo sahihi. Karakana ikasema saizi ni sahihi, ninyi mmechanganya. Kwa ushahidi uliokuwepo, hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Bushi iliyotolewa kwenye mashine haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha imetoka karakana gani, ni ya oda ipi, wala ilikusudiwa shafti ipi. Mteja angeweza kuleta bushi ya karakana nyingine na mchongaji asingekuwa na la kusema. Mwenye karakana, mzee mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, ndicho kilichomshtua zaidi nilipomwekea bushi yake na ya mwingine mezani na kumwomba achague yake.

Maoni yangu niliyowaandikia yalikuwa kwamba sehemu kubwa ya gharama iende kwa karakana. Aliyechonga ndiye mtu pekee katika mnyororo mzima aliyejua kwa hakika kila bushi ni ipi. Maarifa hayo yalikuwa mkononi mwake bure, na akayaachia yapotee. Wengine wote baada yake wangelazimika kupima ili kuyarudisha, na nusu yao hawana kifaa cha kupimia. Mteja naye ana sehemu yake: kuagiza vipimo kwa ujumbe wa sauti, na kuruhusu kipuri kifungwe bila kupimwa kwenye shafti zinazojulikana kuwa na saizi mbili. Walikubaliana karakana ichonge upya bushi zilizoharibika na kukereza shafti, mteja abebe usafiri na kazi ya kufungua mashine. Hasara ya kahawa hakuna aliyeilipa.

Tulichobadilisha

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye namba. Nilipopendekeza kila kipuri kigongwe namba, mzee alikataa moja kwa moja. "Mteja akishajua namba na saizi, si atapeleka kwa mwingine achongewe kwa bei ndogo?" Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi na ninaelewa inatoka wapi, ushindani wa karakana hapa mjini ni mkali. Lakini mteja anayerudi kwako kwa sababu hajui alichonunua ataondoka siku atakapokutana na fundi mwenye venia ya kupimia. Namba yako kwenye chuma inafanya kinyume: miaka mitatu baadaye, fundi asiyekujua anaisoma na anajua ampigie nani. Kijana wake ndiye aliyemgeuza mawazo, alipomkumbusha kwamba mashine zote anazozikarabati yeye mwenyewe huzitafutia spea kwa namba iliyogongwa kiwandani.

Basi bushi ya 40 ikawa BK-400 na ya 39.5 ikawa BK-395. Wapo wataalamu wanaosema namba ya kipuri isibebe maana yoyote, na kwa kiwanda chenye vipuri maelfu wana haki. Kwa karakana ya watu wachache, namba inayomwambia fundi kipimo akiwa mlimani bila mtandao ina faida kubwa kuliko madhara. Baada yake inakuja namba ya oda, ili siku bronzi ya kundi moja ikionekana laini, waweze kuzitafuta zote za kundi lile na kuziacha nyingine zifanye kazi.

Mahali pa kugonga palihitaji kufikiriwa. Ndani ya tundu hapana. Uso wa ukingo unasuguana na kola ya shafti. Sehemu ya nje inazama kwenye nyumba yake na haisomeki tena. Palipobaki ni kwenye unene wa ukingo, pembeni, ambapo herufi za milimita tatu zinaenea na zinasomeka hata bushi ikiwa imeshafungwa. Na inagongwa kabla ya kumalizia tundu, kwa sababu nyundo juu ya bushi nyembamba inaivuta kidogo. Ukimaliza tundu mwishoni unaondoa mvuto huo. Kwa vipuri vyembamba zaidi wamenunua kalamu ya umeme ya kuchorea vyuma.

Juu ya namba wakaongeza mstari wa rangi, mweupe kwa za kawaida na mwekundu kwa zilizopunguzwa. Rangi inaweza kufutika, haiaminiki peke yake, ila kwenye stoo yenye mwanga hafifu inamsimamisha mtu asichanganye.

Kufunga kumebadilika hivi: bushi zinaoshwa na kukaushwa, kila namba inaingia kwenye mfuko wake, mfuko unazibwa, na karatasi yenye namba, kipimo cha ndani, idadi na oda inawekwa ndani ya mfuko ikionekana kwa nje. Hakuna gundi ya kuachia. Pini zinapakwa mafuta na kufungwa kwa karatasi yenye dawa ya kuzuia kutu, ile ambayo mvuke wake unatanda juu ya chuma. Zinafungwa peke yake, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya chuma na hazielewani na madini ya shaba. Orodha moja inakaa ndani ya boksi, nyingine inabandikwa nje, na hati ya mzigo ina mstari mmoja kwa kila namba. Kipimo kinachoandikwa ni kile ambacho mpokeaji anaweza kukipima mwenyewe: "tundu 39.5", basi.

Kijana alitaka sana QR. Teknolojia hiyo ina haki ya kuwepo karakana kuliko tunavyodhani. Kabla haijafika kwenye malipo ya simu, Denso Wave ya Japani iliitoa mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, kwa kuwa misimbopau ya mistari ilibeba maelezo machache na wafanyakazi walichoka kuskani lebo nyingi kwenye boksi moja. Ikichapwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha, inasomeka hata karibu asilimia 30 yake ikiwa imechafuka. Nilimwambia asubiri. QR inaelekeza kwenye taarifa, na kama taarifa yenyewe ni "bushi pcs 36", itaelekeza kwenye mkanganyiko uleule kwa kasi zaidi. Namba kwanza, daftari la namba pili, QR baadaye.

Mzigo wa pili umeshakwenda. Dada wa stoo alipiga simu siku hiyohiyo: mfuko wa BK-395 umeandikwa 6 na ndani zimo 5. Ile ya sita ilikutwa Arusha kwenye trei ya lathe, namba yake ikiwa imeshagongwa, ikafuata kwa kosta ya jioni. Bushi zilizosalia za mzigo wa kwanza zimetengwa kwenye ndoo yenye kufuli, na hakuna inayotoka mpaka ipimwe na kugongwa namba. Fundi wa Arusha amekubali kushuka na maikromita yake kuimaliza kazi hiyo kabla ya vituo kufungua tena.